Siku Niliyoifundisha Serikali Kusalimia

Wacha nianze na lile la aibu, mnicheke mkiwa bado na nguvu: mtu aliyeifundisha ile mashine ya serikali kusalimia watu hapa Isiolo ni mimi. Sikutumwa, sikulipwa, wala sikubembelezwa. Niliketi tu kwenye veranda yangu nikiwa na pini mdomoni, nikatoa ushauri, na kwa ushauri huo karibu mtaa mzima ukanyimwa mbuzi, jirani yangu Mama Dida akaonekana mwongo mbele ya chifu, na mimi nikageuka kuwa mfugaji wa ngamia (sina hata paka). Wengine wenu mlikuwepo na mlicheka mpaka mkashikana mabega, kwa hivyo nyinyi someni tu pole pole. Nawaandikia hasa wale waliosikia habari hii kutoka kwa watu wa boda boda, ambao wanasema eti nililia. Sikulia. Kulikuwa na vumbi.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi wa nguo, nashonea nyumbani, nilimaliza kidato cha nne na masomo yakaishia hapo, na kutoka nje ya geti ni jambo ninalolipangia wiki nzima, na siku ikifika naweza nikaliahirisha. Mke wangu, Mama Kendi, anauza mboga sokoni na ndiye anayeniletea habari za mji. Habari zangu mimi ni za urefu wa mikono na upana wa kiuno. Wazazi wangu walishuka kutoka Meru nikiwa sijaanza shule, kwa hivyo nimekaa Isiolo mpaka nikajiona najua kila kitu cha watu wa hapa. Kiborana cha salamu ninacho, najua wa kuambiwa salaam aleikum na wa kuambiwa habari, na mteja akiingia kwangu nitamuuliza watoto, mifugo, mvua na wagonjwa kabla sijagusa futi ya kupimia. Ninajivunia jambo hilo. Nilikuwa ninajivunia, niseme hivyo.

Sasa, baada ya ule ukame uliomaliza mifugo, kukatoka mpango wa kuwapa mbuzi wa maziwa watu waliopoteza mifugo, mbuzi wawili kwa kila boma litakaloonekana lina shida. Zamani mambo kama hayo yalikuwa yanaamuliwa barazani: jina linasomwa, watu wanasema ndiyo au wanaguna, na ukigunwa umekwisha. Safari hii tukaambiwa hakuna kugunana tena, kutatumika akili unde. Mashine itampigia kila mtu aliyejiandikisha, itaongea naye, itamsikiliza, kisha yenyewe itaamua nani anapewa na nani anarudi nyumbani na kamba yake mkononi. Chifu alitangaza jambo hilo kwa furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Akasema mashine haina mjomba wala shemeji, kwa hivyo asisumbuliwe tena mtu asubuhi akinywa chai.

Mimi pia nilijiandikisha, na hapo msiniangalie vibaya, kwa maana tangazo lilisema kila mwenye boma na hakuna aliyesema fundi wa nguo hanywi maziwa. Mama Dida alijiandikisha kabla yangu. Huyu ni mama wa Kiborana, mjane, alihamia mjini kutoka upande wa Sericho, anaishi na wajukuu watatu nyumba iliyoshikana na yangu, na nilivyojua mimi mbuzi wake walikuwa wanachungwa na kaka yake huko huko.

Tatizo likaja kwamba ile mashine ikipiga, watu wanaikatia. Haya niliyasikia kwa afisa mwenyewe, Madam Sabina, msichana mpole aliyeletwa kusimamia zoezi hilo, siku aliyokuja kwangu nimtengenezee zipu ya begi lake. Alikaa kwenye stuli akiwa na uso wa mtu aliyekosa usingizi.

"Fundi, watu wenu ni wagumu," akasema. "Simu inapigwa, wanasikia sauti, wanakata. Wengine wanatukana kwanza ndipo wanakata."

"Inasemaje ikipiga?" nikauliza.

Akatoa simu yake akanichezea rekodi. Sauti ya mwanamke, safi kama ya redio, ikasema: "Karibu. Huu ni mpango wa kurejesha mifugo. Swali la kwanza. Una mifugo wangapi?"

Nikatoa pini mdomoni ili nicheke vizuri. Nikamwambia, madam, hapa huwezi kumpigia mtu ambaye hujawahi kumwona ukamuuliza ana mifugo wangapi, hata ndugu yake wa tumbo moja hamuulizi hivyo, anayeuliza idadi ni mwizi au ni mtu anayetaka kuoa. Na zaidi ya hayo (hapa nilinyoosha mgongo kidogo) hamjasalimia. Mtu husalimiwa kwanza. Anaulizwa ameamkaje, watoto wake, mbuzi wake, ng'ombe, ngamia, maji, nyasi, amani. Ndipo mnaingia kwa maneno.

Madam Sabina akaniangalia kama mtu aliyeonyeshwa mlango mahali alipodhani ni ukuta. "Ebu niandikie," akasema.

Na hapo, wenzangu, ndipo ningesema nina nguo za watu za kumaliza, nikafunga zipu na mdomo. Badala yake nikachukua daftari la vipimo, nikapata ukurasa safi, nikaandika salamu nzima kwa mwandiko wangu ule wa kuandikia barua za shule, na kwa sababu sikutaka mtu yeyote wa Isiolo aachwe nje nikaweka mifugo wote, mpaka punda. Nagaa nikaiweka mwanzoni kwa Waborana (wengine waambiwe habari), hiyo ni amani kwa Kiborana na ndiyo salamu yenyewe na ndiyo jibu lake. Akapiga picha ule ukurasa, akautuma Nairobi kwa wale wanaoitengeneza. Siku chache baadaye mashine ilikuwa inasalimia kama mtoto aliyelelewa na nyanya yake.

Nilivimba. Mteja akija kuchukua suruali namuuliza, "Umepigiwa simu? Imekusalimia vizuri?" Akisema ndiyo, namwambia, "Hiyo salamu ni yangu." Mama Kendi alinivumilia siku mbili, ya tatu akaniuliza kama nitaanza kuwapiga faini wanaosalimiana bila ruhusa yangu.

Simu ya Mama Dida ilikuja akiwa kwangu. Alikuwa amekuja kuniletea buibui ya kupunguza, simu ikalia, akaona ile namba, akaniambia nikae karibu asije akakosa neno. Akaweka spika.

"Nagaa, mama," mashine ikasema.

"Nagaa."

"Umeamka nagaa? Watoto wazima?"

"Nagaa. Watoto nagaa."

"Mbuzi wako salama? Na ng'ombe?"

"Mbuzi nagaa. Ng'ombe nagaa. Yote nagaa."

"Maji yapo? Nyasi zipo?"

"Maji iko. Nyasi iko. Tunashukuru Mungu."

Mimi nikawa natikisa kichwa kwa kila swali kama mwalimu wa kwaya. Mama Dida akavuta stuli mbele, akakohoa kidogo, akatengeneza shela yake, na mashine ikasema: "Asante sana, mama. Tumepata habari zote tulizohitaji. Uwe na siku njema."

Tii.

Akaiangalia simu. "Imeenda?"

"Imeenda."

"Lakini haijaniuliza kitu. Mimi nilikuwa ndiyo naanza."

Na mimi, mwenye akili za kidato cha nne, nikamwambia, "Serikali ya siku hizi ni ya adabu, Mama Dida. Haisumbui watu na maswali mengi." Akachukua simu yake akaenda. Nilirudi kwenye buibui nikifurahi kwamba kazi yangu inafanya kazi.

Mimi ilinipigia jioni ile ile na sitawaambia nilijibu nini, mtasikia wenyewe kama walivyosikia watu wote.

Ujumbe wa majibu uliingia Jumatatu asubuhi, simu zote za mtaa kwa pamoja, ungedhani ni kengele. Wangu ulisema: "Boma lako limepimwa na kuonekana lina mifugo wenye afya, maji na malisho ya kutosha. Hutapewa mbuzi kwa awamu hii." Nikashtuka kidogo pale kwa mifugo wenye afya, lakini nikasema basi, mimi ni fundi, si neno. Saa sita Mama Kendi akarudi kutoka sokoni mapema, akaniambia kila anayemuuliza amepata ujumbe huo huo, neno kwa neno. Waliofiwa na kundi zima wameambiwa wana mifugo wenye afya. Mzee mmoja aliyefika mjini na fimbo tu ameambiwa ana malisho ya kutosha.

"Na kuna aliyepewa?" nikauliza.

"Kinoti amepewa."

Kinoti! Mnamjua Kinoti, muuza miraa, ana nyumba mbili za mawe, na mbuzi anamjua akiwa kwenye sahani. Nilipomuuliza baadaye ilikuwaje, akaniambia mashine ilimpata akiwa anapakia mzigo, ikaanza kumuuliza habari za mbuzi na punda, na yeye hakuwa na muda, akaifokea: "Hakuna! Hakuna mbuzi, hakuna ng'ombe, hakuna maji, hakuna kitu, wacha kunisumbua!" Mashine ikamshukuru, ikamtakia siku njema, na ikamweka juu kabisa ya orodha ya wenye shida.

Mpaka hapo bado sikuwa nimeunganisha mambo (msicheke, nyinyi pia hamkuunganisha). Nilidhani mashine imeharibika, kama cherehani inavyoruka mishono. Jumatano chifu akaita baraza ili orodha isomwe na kutiwa sahihi, mbuzi wagawanywe Ijumaa. Sahihi ikishawekwa, basi, mpaka awamu nyingine, na awamu nyingine hakuna aliyejua ni lini. Mama Kendi akaniambia tunaenda. Nikasema nina shati la mtu. Akasema, "Salamu ni zako, nenda ukasikie zilikofika." Nikavaa viatu.

Watu walikuwa wengi na walikuwa wamekasirika, ile hasira ya kimya ya watu waliokaa chini. Chifu akaeleza tena kwamba mashine haina mjomba. Mtu akasema kwa sauti haina mjomba lakini ina Kinoti, watu wakacheka kicheko kifupi kikali. Kinoti mwenyewe alikuwa amesimama pembeni anatafuna, akainua mikono kuonyesha kwamba hakuomba. Madam Sabina akasimama na tableti yake na kipaza sauti, maskini, akasema anaelewa malalamiko lakini mashine haibahatishi, kila uamuzi una sababu na kila sababu ina sauti ya mtu mwenyewe, zote zimehifadhiwa. Anayepinga asimame, ataisikiliza yake.

Aliyesimama wa kwanza alikuwa Mama Dida.

Sauti ikachezwa. "Mbuzi nagaa. Ng'ombe nagaa. Yote nagaa. Maji iko. Nyasi iko." Kwenye kipaza sauti ilisikika mpaka barabarani.

Chifu akakunja uso. "Mama, hiyo ni sauti yako?"

"Ni yangu."

"Sasa ulisema una mbuzi wazima, leo unakuja kusema huna?"

"Hiyo ni salamu, chifu."

"Ni salamu lakini ni wewe umesema. Tuandike serikali imekosea na wewe umesema mwenyewe?"

"Mtu akikuuliza nagaa utasema nini?" Mama Dida hakupandisha sauti. "Utasema nagaa. Hata kama umetoka kuzika. Salamu ikiisha, unakaa, unapewa chai, mtu anauliza, haya, habari. Hapo ndiyo unasema mbuzi imekufa yote. Hii simu ilisalimia, ikashukuru, ikaenda. Mimi ningeambia nani? Ukuta?"

Wazee wakaitikia. Lakini Madam Sabina, kwa upole, akaeleza kwamba mashine imetengenezwa hivyo: inasikiliza mazungumzo yote kutoka mwanzo, na ikishapata jibu la jambo haliulizi tena, ili isimchoshe mtu. Ilitaka kujua hali ya mbuzi, maji na nyasi, ikauliza kwenye salamu, ikajibiwa, ikafunga. Na yeye hana ruhusa ya kubadilisha uamuzi kwa sababu mtu anasema sasa kwamba hakumaanisha alichosema, la sivyo kila mtu atasema hivyo. Ni lazima pawe na kitu cha kuonyesha kwamba mashine imedanganyika. Chifu akasema basi, mama akae, tuendelee, na akachukua kalamu.

Mama Dida hakukaa. Alibaki amesimama pale katikati, mkono umeshika shela, na watu wengine, wale wa mitaa ya mbali wasiomjua, wakaanza kumwangalia ile namna ya kumwangalia mtu aliyeshikwa na uongo. Na mimi nikiwa nyuma kabisa, nimejikunja nyuma ya mgongo mpana wa mtu wa kuuza maji, ndipo mambo yakajiunganisha kichwani kwangu moja baada ya jingine, salamu, daftari la vipimo, picha, Nairobi, na lile la "nilikuwa ndiyo naanza", na nikakumbuka miezi yote Mama Dida akitukaribisha turungi, chai bila maziwa, na mimi nikidhani amekatazwa maziwa na daktari.

Ningeweza kunyamaza. Nawaambia ukweli, nililifikiria hilo kwa makini kabisa. Hakuna aliyekuwa ananiona. Ila Mama Kendi ananijua, akanitia kiwiko cha mbavu ambacho bado nikivuta pumzi nakikumbuka.

"Madam!" nikasema, na sauti ikatoka nyembamba kama ya kuku. "Cheza yangu."

Watu wote wakageuka. Chifu akauliza ni nani huyo. Mtu wa maji akasogea pembeni ili nionekane vizuri (sikumwomba). Nikasema mimi ni fundi, hiyo salamu niliandika mimi, na ikiwa mnataka kitu cha kuonyesha kwamba mtu akisalimiwa hasemi ukweli, chezeni yangu, kwa maana mimi kila mtu hapa anajua boma langu lina nini.

Madam Sabina akanitafuta kwenye tableti. Ilichukua muda. Katika muda huo nilikumbuka nilichosema na nikataka kubadilisha mawazo, lakini kipaza sauti kilishakohoa.

"Habari ya jioni, baba. Mko salama?"

"Tuko salama kabisa," sauti yangu ikasema, nzito, ya mtu anayehutubia. Sikujua huwa ninaongea hivyo.

"Mbuzi na ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo. Wazuri. Wanashiba."

"Na ngamia?"

Nataka mnielewe. Ngamia nilikuwa nimewaweka mwenyewe kwenye ile orodha, salamu ilikuwa inakwenda vizuri, mdundo umeshika, na kusema "sina ngamia" katikati yake kungekuwa kama kuangusha sufuria kanisani.

"Ngamia tunashukuru," ikasema sauti yangu. "Wamenenepa."

Baraza likalipuka. Si kucheka, ni kulipuka. Mtu akapiga kelele, "Fundi, unawafunga wapi, kwenye cherehani?" Mwingine akataka kujua kama nawashonea suruali. Wamama walikuwa wameegemeana. Hata yule mzee wa fimbo, ambaye sijawahi kumwona akicheka, alikuwa anaipiga ardhi na fimbo yake. Nikainua mkono kuonyesha kwamba ushahidi umetosha, madam anaweza kuzima, lakini Madam Sabina alikuwa ameinamia tableti anacheka mabega yakitikisika na hakuona, na sauti ikaendelea. Ikaendelea, kwa sababu mashine ilipoaga, safari hii laini haikukatika yenyewe, na mimi sikukata simu, niliiweka tu mezani.

"Mama Kendi, umesikia hiyo? Umesikia ilivyosalimia? Ni mimi hiyo. Bila mimi serikali hii ingekuwa bado inafokea watu. Hata huyu chifu wetu, miaka yote hiyo kwa kiti, hajui kusalimia mtu vizuri. Anasalimia kama anayehesabu wafungwa."

Na kwa mbali, wazi kabisa, sauti ya mke wangu: "Toa hiyo maharagwe kwa moto, inaungua."

Nilimwangalia chifu. Chifu aliniangalia. Nikaanza kuhesabu ni hatua ngapi kufika barabarani na kama viatu nilivyovaa vinaweza kukimbia. Kisha chifu akavua kofia, akaiweka mezani, akafuta uso kwa leso, na nikaona mdomo wake unapigana na jambo, na jambo likamshinda, akacheka, lakini kicheko cha mtu anayekuandika mahali.

"Fundi," akasema alipopata pumzi. "Salaam aleikum. Habari ya asubuhi. Mke hajambo? Ngamia hawajambo?"

"Hawapo, chifu," nikasema. "Hawajawahi kuwepo."

"Asante. Madam, andika hivyo."

Na kweli akaandika. Ikatokea kwamba kulikuwa na njia ya kuupinga uamuzi wa mashine, kuna mahali kwenye ile tableti, ila lazima mtu wa serikali aweke sababu na jina lake, na hakuna aliyekuwa amewahi kupagusa. Madam Sabina akamuuliza chifu aandike sababu gani. Chifu akamwambia aandike kwamba watu walisalimiwa wakajibu salamu, na hawakuulizwa kitu, na kwamba ushahidi ni ngamia wa fundi. Sina hakika aliandika lile la mwisho, lakini alikuwa anatabasamu.

Halafu wakafanya ile kazi kwa mdomo. Jina likasomwa, watu wakasema. Walipofika kwa Mama Dida, hakuna aliyeguna. Mwanamke mmoja wa Sericho akasema mbuzi wa huyu mama waliisha wote tangu mwaka jana, wa mwisho aliuzwa ngozi. Wengine wakasema ndiyo, wanajua. Nikagundua kila mtu pale alikuwa anajua. Kinoti alipofikiwa, kabla hata hajasomwa vizuri, baraza liliguna kwa pamoja kama injini ya lori, na yeye mwenyewe akaguna nao. Jina langu lilipofika nilijiguna mwenyewe nikaokoa muda.

Ijumaa mbuzi walikuja. Mama Dida alipata wawili, mmoja mweupe na mmoja wa madoa, mweupe akiwa anakamuliwa. Mimi nilipata ujumbe. Mpaka leo naupata, kila mara kunapokuwa na chanjo: "Ndugu mfugaji, tunakukumbusha kuleta ngamia wako." Nimekwenda kueleza mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa mfumo unaonyesha ninao na wako katika hali nzuri. Mara ya pili kijana wa kaunta aliniuliza kwa heshima kama nimewauza, na nikiwa nimewauza nilete stakabadhi. Nimeacha. Nitakufa nikiwa nao.

Viapo nimekula vingi, niwape kimoja tu: afisa yeyote akija kwangu na zipu nitamtengenezea zipu. Akiniuliza maoni nitamwambia kitambaa hiki kinapauka.

Ile Jumamosi nilichukua majani ya chai na sukari, nikapitia kwa geti kama mgeni, nikaingia kwa Mama Dida kuomba msamaha. Alikuwa amechuchumaa anakamua, wajukuu wamesimama na vikombe. Nilisalimia, nikasalimiwa. Nikamwambia yale niliyokuja kusema, kwamba salamu zile zilikuwa zangu, kwamba siku ile alitaka kuongea na mimi nikamfunga mdomo kwa ujuaji, na kwamba alisimama mbele za watu kama mwongo kwa sababu yangu. Alimaliza titi moja, akahamia la pili. Nikaona niongeze neno, nikamuuliza kwa nini wakati wote huo hakuniambia kwamba mbuzi wake wameisha, ningejua, ningesaidia.

Mama Dida akaweka chombo chini, akaniangalia.

"Mashine nimesamehe, hiyo haina macho. Lakini wewe, ukuta yangu na yako ni moja. Kila asubuhi nakuambia nagaa, unasema nagaa, unarudi ndani. Hata siku moja hujangoja nimalize."